Kutná Hora: siku niliyovaa kanzu nyeupe nikaingia shimoni

Niseme ukweli tangu mwanzo, Kutná Hora, mji mdogo huko Ucheki, mimi nilienda kwa ajili ya mifupa. Kuna mtu alinitumia klipu ya kanisa lililopambwa kwa mafuvu ya watu nikaiangalia kama mara sita hivi, na mimi nipo Leipzig, mpaka Prague ni masaa kama manne kwa treni, na Prague nina jamaa yangu Mkenya anasoma huko ambaye kila akinipigia simu ni lawama tu, ooh umenisahau, ooh umekuwa Mjerumani. Basi nikakata tiketi. Ijumaa usiku nikalala kwenye kochi lake, Jumamosi saa mbili asubuhi tupo stesheni kuu ya Prague na kahawa mkononi, baridi ya mwezi wa kumi inang'ata masikio.

Treni ni kama saa moja tu kwenda mashariki. Mashamba, vijiji vya mapaa mekundu, mashamba tena, jamaa kalala mdomo wazi. Ukienda jua kwamba stesheni kuu ya Kutná Hora haipo mjini, ipo Sedlec, ambako zamani palikuwa monasteri na siku hizi ni kama kitongoji, mji wenyewe uko kilomita kama tatu mbele. Ila mifupa ndo iko huko huko Sedlec kwa hiyo tukashuka tukatembea, tukafika mlangoni kwa mbwembwe zote, tukaambiwa tiketi haziuzwi hapa, rudini mtaa wa pili kwenye ofisi ya wageni. Tukarudi tumenywea. We anza na tiketi usije ukaaibika kama sisi.

Kwa nje kakanisa kenyewe ni kadogo, ungepita tu ukadhani ni kanisa la kijijini, makaburi yamekazunguka, mengine yana maua mabichi kabisa. Unaingia, unashuka ngazi, na hapo ndo unanyamaza.

Stori yake iko hivi. Mwaka 1278 mkuu wa watawa wa hapo, Jindřich, alitumwa na mfalme Otakar II kwenda Nchi Takatifu, akarudi na udongo kidogo wa Golgotha, akaunyunyiza makaburini Sedlec. Habari zikasambaa, basi kila mwenye uwezo wake Ulaya ya kati anataka azikwe hapo. Ikaja tauni karne ya 14, watu wakafa kama nzi, zikaja vita vya Wahus, wale wafuasi wa mhubiri Jan Hus, karne ya 15, makaburi yakafurika. Mifupa ikawa inafukuliwa inarundikwa ndani kupisha maiti wapya, na wanasimulia kwamba mwaka 1511 mtawa mmoja karibu kipofu ndo alikaa akaipanga. Halafu mwaka 1870 ukoo wa Schwarzenberg, matajiri waliokuwa wanamiliki hapo, wakamwajiri fundi wa kuchonga mbao, František Rint, wakamwambia hebu weka mambo vizuri.

Fundi akaweka vizuri kwa akili yake! Katikati kaning'iniza kandili kubwa la mifupa mitupu, wanasema lina angalau mmoja wa kila aina ya mfupa uliomo kwenye mwili wa binadamu. Mafuvu yamefungwa kama shanga kwenye matao. Ukutani kuna nembo ya ule ukoo, ya mifupa pia, na pembeni yake kuna kunguru wa mifupa anamdonoa jicho fuvu la Mturuki, kisa ni kwamba mwaka 1598 mmoja wao aliwashinda Waturuki vitani. Na karibu na mlango fundi kaandika jina lake, R-I-N-T, kwa vifupa vidogo vidogo kama vya vidole, yaani kasaini kazi yake kama mchoraji. Kwa jumla wanakadiria humo ndani kuna mabaki ya watu kati ya 40,000 na 70,000. We chukua uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, hakuna kiti kitupu, ndo watu hao.

Picha hairuhusiwi tangu 2020, na kiukweli nilishukuru. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga selfi na mafuvu, wanayavalisha miwani. Kuna kabati la kioo lina mafuvu yaliyopigwa silaha vitani, moja lina tundu juu ya sikio, nikasimama hapo muda mrefu. Tundu ni dogo tu. Nikajikuta nashika sikio langu.

Jamaa alikuwa kakunja mikono tangu tumeingia. Akaninong'oneza, "Buda, shosho yangu akijua nimelipa pesa kuona mifupa ya watu, nitatolewa kwa ukoo." Na mimi bibi yangu ni Mmeru wa Akheri, hilo la kulipa hata nisingemwambia.

Jirani hapo kuna kanisa kubwa la Mama Maria la hao hao watawa, Wahus walilichoma 1421, likakaa gofu karibu miaka mia tatu mpaka mtu anaitwa Santini akalijenga upya mwanzoni mwa miaka ya 1700. Zuri, jeupe, lina mwanga, ila ukitoka kwenye mifupa huna nafasi kichwani ya kitu kingine. Monasteri yenyewe ilifungwa baadaye ikageuzwa kiwanda cha tumbaku, hadi leo pana mambo ya sigara. Tukaendelea.

Tukatembea mpaka mjini kufuata barabara ndefu isiyo na maajabu yoyote, na njiani nikampa jamaa hadithi ya jina la mji. Wanasema mtawa mmoja wa Sedlec, Antonín, alipitiwa na usingizi shambani kwenye mizabibu, kuamka akaona vijiti vya fedha vimechipua kutoka ardhini, akavua joho lake akapafunika asije mtu akapaona, akakimbia kuwaambia wenzake. Joho la mtawa kwa Kicheki ni kutna, hora ni mlima. Jamaa akauliza, sasa fedha ni fedha ya pesa ama fedha ya madini? Nikacheka, maana ndo utamu wa lugha yetu, sisi hatujawahi kutenganisha, fedha ni fedha. Na Kutná Hora ni hivyo hivyo, walichimba fedha wakaigonga ikawa fedha, yote ndani ya mji mmoja.

Na pale walipoigongea bado papo, panaitwa Vlašský dvůr, Ua la Waitaliano, kwa sababu mfalme Václav II alileta wataalamu kutoka Florence waje kumwekea sawa sarafu yake. Kuanzia 1300 wakawa wanatoa sarafu moja matata inaitwa grosi ya Prague, ikatembea Ulaya ya kati karne mbili na nusu. Mwaka huo huo mfalme akatoa na sheria ya migodi. Unaona vibanda vilivyozunguka ua, kila kimoja mafundi walikuwa wanakaa na nyundo, sarafu moja moja kwa mkono, kutwa nzima. Tulipoingia muongozaji alituonyesha wanavyogonga, pigo moja tu masikio yakalia ngiii, nikawaza ukikaa humo miaka kumi mkeo anakuitaje.

Hapo kuna kitu kilinigusa mimi binafsi. Januari 1409 mfalme Václav IV alitia sahihi amri hapa Kutná Hora, kwamba kwenye chuo kikuu cha Prague Wacheki wawe na kura tatu na mataifa mengine yote kwa pamoja kura moja. Walimu na wanafunzi wa Kijerumani wakasusa wakafungasha. Wengi wao wakaenda wapi? Leipzig, wakaanzisha chuo mwaka huo huo. Ndo chuo changu! Yaani kile chuo ninacholala nikiota mitihani yake kimezaliwa kwa sababu ya kisirani cha huu mji. Nikamwambia jamaa, akasema "so nyinyi ni wale walikasirika," tangu hapo kila nikilalamika kitu ananiita Mjerumani wa 1409.

Saa saba tukaingia mgahawani. Mimi nikala svíčková, nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa mbogamboga na krimu, juu wanaweka kidoto cha jamu ya tunda nyekundu, usiniulize kwa nini lakini inakubali, na pembeni vipande vya knedlíky ambavyo ni kama mkate uliochemshwa badala ya kuokwa. Vinashiba. Vinashiba kama ugali wa dona, na hilo lilikuja kuniletea matatizo baadaye nitawaambia. Jamaa akala jibini ya kukaanga, yaani bonge la jibini limepakwa unga wa mkate likakaangwa, Wacheki wanaliona chakula kabisa cha mtu mzima.

Kwenye kulipa sasa. Nikamwuliza dada mhudumu kama naweza kutumia kadi, akatikisa kichwa chini juu anatabasamu, "no, no, no." Moyo ukanidondoka. Nikaanza kupekua mifuko, korona za chenji, senti za yuro, jamaa naye anapekua, na yule dada bado kasimama tu hapo na mashine ya kadi mkononi anatushangaa. Kumbe Kicheki "no" ni kama sisi tunavyosema "eeh". Ndiyo ni "ano", wakiifupisha wanabaki na "no". Jamaa kakaa nchi hii mwaka mzima, hajaniambia! Anasema alitaka kuona.

Sasa mgodi. Huu ndo moyo wa siku, mifupa ilikuwa kiingilio tu.

Kuna jumba la makumbusho la fedha linaitwa Hrádek, ukichukua ziara ndefu wanakushusha kwenye mgodi wa zama za kati, wa kweli, chini ya mji. Uligunduliwa tena mwaka 1967 watu wakitafiti mambo ya maji ya ardhini. Nikasema subiri, 1967? Ndo mwaka tanzanaiti ilipogunduliwa Mirerani. Na hapa nieleze, mjomba wangu ni mwanaapolo wa zamani, kashuka mashimo ya Mirerani zaidi ya miaka kumi na tano, sisi tumekua tunamwona anakuja Arusha mjini na vumbi la graife kwenye kope, akipata anatununulia wote viatu, akikosa anakaa kwetu mwezi. Kwa hiyo mtu akiniambia mgodi mimi sifikirii sinema.

Wanawapa kanzu nyeupe yenye kofia, kama ile ya wachimbaji wa zamani, kofia ngumu na taa. Jamaa akavaa, akatazama picha ya njia ukutani, akavua. "Msee, mimi hapa siingii. Naenda kungoja na bia." Sikumlazimisha. Tukabaki kama watu ishirini tumevaa makanzu tunatembea barabarani kama waumini tunaelekea shimoni, watoto wa mjini hawageuki hata kutuangalia, wameshazoea.

Kabla ya kushuka muongozaji akatufundisha salamu ya wachimbaji wa huko, "Zdař Bůh," ni kama kusema Mungu akujalie upate. Nikakumbuka mjomba, Mirerani nako hakuna anayeshuka bila kumtaja Mungu, hata wale walevi.

Ngazi zinashuka, zinashuka, zaidi ya mita thelathini. Hewa inakuwa nzito na baridi iliyotulia, ukuta una maji. Halafu njia inaanza kubana. Kuna sehemu upana ni kama sentimita arobaini na urefu mita moja na ushee, unaenda kiubavu umeinama, kofia inagonga juu, kok, kok, kok, unasikia mlio huo mbele na nyuma yako watu wote wanagonga. Na hapo ndo zile knedlíky zikadai haki yake. Nilikwama. Siyo kukwama kwa hatari, ila tumbo lilikataa kupita na nyuma yangu kuna mama mmoja mtu mzima ananipapasa mgongo taratibu ananiambia kitu kwa Kicheki, nahisi alikuwa ananibembeleza nitoe pumzi. Nikatoa pumzi, nikapita. Nikamwambia děkuji, ndo asante yao, kama mara nne.

Ukiangalia ukuta kwa karibu na taa unaona alama za chuma. Mikwaruzo mifupi mifupi imelala upande mmoja, maelfu, kila mmoja ni pigo moja la nyundo na patasi, mtu kapiga moja, kasogeza, kapiga nyingine. Hakukuwa na baruti hapa wala mashine. Nikaweka kidole kwenye mkwaruzo mmoja, kikaingia sawasawa.

Katikati ya njia muongozaji akatuambia tuzime taa. Giza la kule siyo giza la umeme kukatika. Macho unayafumbua unayafumba ni kitu kile kile. Akaacha kama dakika nzima, mtoto mmoja akaanza kulia kidogo, akawasha. Wao walikuwa na kitaa cha mafuta ya mnyama, kakiisha unapapasa. Na huu tuliopita ni mgodi mdogo, mgodi wao mkubwa uliitwa Osel, maana yake Punda, ulishuka kama mita 500, katika migodi iliyokuwa na kina kirefu kuliko yote duniani enzi hizo. Mita 500 kwa ngazi za mbao, kushuka na kupanda. Mwishowe maji yakawashinda na fedha ikapungua, ukafungwa karne ya 16.

Kurudi juu, kwenye bustani ya Hrádek kuna winchi kubwa ya mbao ya kuzungushwa na farasi kuvuta mawe. Jamaa kaja kanikuta naishangaa, nimelowa magoti. Akaniuliza kulikuwaje, nikamwambia ungekwama.

Kwa hiyo ule mji wote juu umesimama kwenye matundu. Hata kanisa la Mtakatifu Yakobo, lile la mnara mrefu, lilitakiwa liwe na minara miwili, wa pili hawakuujenga, wanasema waliogopa ardhi. Na maji ya kunywa nayo migodi iliyaharibu, ikabidi wayavute kutoka mbali kwa mabomba ya magogo, na bado lipo birika lao la mawe la 1495, lina pande 12, limechongwa kama kakanisa, ukipita bila kujua utalisujudia.

Mwisho tukaenda kwa Mtakatifu Barbara, huyu ndo msimamizi wa wachimbaji. Unapita uwanja mrefu wenye sanamu za watakatifu zilizopangwa upande wa bonde, halafu lile kanisa linakaa mbele yako na mapaa matatu kama mahema. Wameanza kulijenga 1388, wamemaliza 1905. Vita vikija wanasimama, fedha ikiisha wanasimama. Mzee wetu nyumba ya Kijenge ameianza 1998 tunamcheka kila Krismasi, leo nimeacha kumcheka. Na hela ilitoka kwa watu wa mji wenyewe na migodi yao. Ndani dari limejipinda kama petali za ua, kazi ya msanifu majengo Benedikt Rejt, ila mimi nilikuwa naangalia kuta za pembeni, maana wamechora wagonga sarafu kazini, na kuna sanamu ya mchimbaji kavaa ile ile kanzu nyeupe niliyoivua nusu saa iliyopita. Mchimbaji ndani ya kanisa, kasimama na watakatifu.

Kwenye treni ya kurudi tukawa tunabishana kuhusu neno dola. Fedha ya Kutná Hora ilipofifia, ikapatikana nyingine magharibi ya nchi, bonde la Jáchymov, Wajerumani wanaliita Joachimsthal, na sarafu zilizotoka huko kuanzia 1520 zikaitwa tolar, thaler, na ndo huko huko ikatoka dola. Thaler ya Maria Theresa ikafika mpaka Zanzibar, watu wakahesabia karafuu na pembe. Na wazee wa Dar wanakuambia daladala ilitokana na ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa inaitwa dala. Jamaa akasema matatu haina hayo mambo, ni sarafu tatu tu za senti kumi, mwisho wa hadithi. Nikamwachia ashinde, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, uko wapi huko kelele."

Nikamweleza yote. Mifupa hakutaka kuisikia, akasema ruka hapo. Kwenye mgodi akaanza kuuliza maswali ya kifundi, mwamba gani, hewa wanaingizaje, nguzo ni miti gani, nikawa nabahatisha. Nikamwambia mita 500 kwa ngazi. Akakaa kimya, akasema "kwa ngazi," halafu akauliza walikuwa wanalipwa au mgao. Nikamwambia nitatafuta.

Nikamtumia picha yangu nimevaa kanzu na kofia ngumu. Baada ya kama dakika kumi ikaingia voisi, nyuma yake nasikia shangazi anacheka mpaka anakohoa.

"Mjomba nimeiona, umependeza kama unaenda swala. Sasa hebu nisaidie kitu kimoja. Shimoni, matope yale, mtu kavaa nyeupe. Nani alikuwa anafua?"